Mbegu ya Bibi Zafy

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kahawa cha Voahangy, juu kidogo ya mji wa Antsirabe, mahali ambapo ukungu nao hukaa kunywa kahawa. Mbele yetu ni vilima vya mpunga wa nchi kavu. Mwaka huu ugonjwa wa madoa umevichoma kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Shamba moja tu halikuguswa, la Bibi Zafy, tuliyemzika wiki iliyopita. Kila asubuhi tunabishana kwa nini.

— Upepo haufiki kwake, akasema Kofia, ambaye yake haivui hata kanisani.

— Wacha uongo! nikamwambia. Mmepakana, na lako limekuwa majivu.

— Basi alikuwa akiuimbia mpunga. Nilimsikia mwenyewe.

— Alikuwa anakufukuza mpakani.

Redio, mtu asiyezimika, leo alikuwa anajikuna mbavu tu.

— Nyie chekeni. Mimi tangu mazishi, nikifumba macho tu, niko kilimani kwake. Mpunga umenifika shingoni, kijani, unanong'ona. Halafu Bibi ananichoma kwa kidole hapa mbavuni.

— Marehemu akija ndotoni ana baridi, anataka tumfukue tumvishe sanda mpya, akasema Voahangy.

— Wiki moja tu? nikasema. Hata sisi hatubadilishi shuka hivyo!

— Mbegu ile ilidondoka kutoka mwezini, akanong'ona Kofia. Ndiyo maana ilinukia vile.

Harufu ya wali wa matanga ilikuwa imerudi puani mwangu, laini, kama mtu kakufunika blanketi.

Ndipo akatokea Haingo, dada wa kituo cha utafiti wa mpunga, kaloa umande, mfuko mtupu mkononi.

— Poleni na msiba, wazee wangu. Mpunga wangu unaohimili ugonjwa, wali wake kokoto. Wenye wali mtamu unakufa. Wa Bibi Zafy ulikuwa na yote mawili, nataka kuuchanganya na wangu. Mbegu mmeweka wapi?

Tukatazama vikombe. Kwetu mgeni wa matanga habaniwi mpunga wa marehemu. Tulikuwa tumeuvuna na kuukoboa wote, tukaupika, tukala mpaka ukoko, na maji ya ukoko tukayanywa.

— Hata kiganja kimoja?

Ukungu ukapita katikati yetu.

Redio akaacha kujikuna.

— Mabua yake... nilijazia godoro langu.

— Mliyapura vizuri? akauliza Haingo.

— Siku ya msiba? Nani ana mikono siku hiyo?

Redio akaingiza vidole chini ya sweta, akapapasa, akachomoa kitu kilichonasa kwenye sufu. Punje moja, na ganda lake. Haingo akaipokea kwa viganja viwili.

Voahangy akatungua ungo ukutani, akaiacha kahawa ikichemka motoni. Tukamfuata Redio kuelekea kwake ndani ya ukungu, taratibu, kama watu wanaoogopa kumwamsha mtu.

— Sasa mimi nitalalia nini? akauliza njiani.

— Umeshalala vya kutosha, nikamwambia. Tembea.