Lori la Waya la Mzee Lameki Mzumara

Mzee Lameki Zondiwe Mzumara alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Bolero, wilaya ya Rumphi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Yoramu Mzumara na marehemu NyaMhango, yaani binti wa ukoo wa Mhango. Mama yake alisema mtoto huyu alipoanza kutembea hakurudi tena kukaa, na kila siku alikuwa akitafutwa barabarani.

Alisoma shule ya misheni karibu na nyumbani kuanzia mwaka 1957 hadi darasa la nane. Hesabu alizipenda. Kuimba kulimkataa, hata mwalimu wa kwaya akamwomba afungue mdomo tu bila kutoa sauti. Haya aliyasimulia mwenyewe, tena kwa fahari.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa utingo wa lori, na mwaka 1973 akapata leseni. Tangu hapo hadi 2011 alibeba mchele kutoka Karonga na tumbaku kutoka Rumphi, na kona za mlima wa Chiweta hazikuwahi kumwangusha. Hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani. Aliyoyajua ya barabarani aliyaacha barabarani.

Tarehe 23 Agosti 1975 alifunga ndoa na Rhoda NyaLuhanga katika kanisa la Bolero. Mungu aliwajalia watoto wanne, mmoja akatangulia mbele ya haki. Pamoja na mke, alipata shemeji, fundi cherehani Saulosi Luhanga, ambaye toka siku ya harusi hakumwacha apumue kwa utani.

Presha ya macho ilimwibia nuru kidogo kidogo. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alisema hakuna tena cha kuokoa. Akarudisha funguo za lori mwaka 2011. Mwaka 2014 mama yetu Rhoda akafariki, na Mzee akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Binti yake Tamandani alihamia nyumbani kutoka Mzuzu ili amtunze. Alimletea redio, akaizima. Alimletea mchungaji, akasinzia. Alimletea fimbo nyeupe.

"Fimbo ni ya mtu aliyepotea," Mzee alisema. "Mimi barabara naijua."

Lakini hakutoka hata kufika getini. Tamandani alikuwa akilia jikoni kwa sababu baba yake alikuwa hai na yeye hakujua namna ya kumrudisha kwa watu.

Alhamisi moja ya Juni 2017 Saulosi alikuja na bunda la waya wa uzio, akambwagia miguuni.

"Shemeji, maisha yako yote umeendesha malori ya watu. La kwako liko wapi?"

"Toka hapa. Nenda kashone viraka."

"Nashona, na tundu la sindano naliona. Wewe waya mnene kama kidole unakushinda?"

Tamandani aliganda mlangoni, akidhani pataharibika. Mzee akainama, akapapasa, akaushika ule waya. Lori la kwanza lilifanana na mbuzi aliyelala, na Saulosi hakuacha kulisema. La pili lilisimama. Saulosi naye akajaribu kuunda lake, likashindwa kwenda mbele, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mkewe, Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Jirani yao mjane, NyaGondwe, akaja kuuliza kwa nini wanaume wanacheka peke yao. Alhamisi iliyofuata alirudi na vizibo vya soda vya kutengenezea taa.

Hivyo ndivyo Alhamisi ilivyopata wenyewe, wakawa wanakutana kila wiki kwenye baraza ya Mzee. Wapita njia walicheka kuona wazee wanaunda michezo ya watoto, halafu baadhi yao wakaanza kuomba nafasi ya kukaa. Mzee aliweka kila kitu kwenye malori yake, hata vioo vya pembeni.

"Kipofu anaweka vioo vya nini?" NyaGondwe alimuuliza.

"Havikuwekwa kwa ajili yangu, mama. Ni vya dereva."

Lori lake kubwa alilifungia usukani wa mti mrefu, kama wa malori ya waya ya watoto, kisha akalisukuma mbele yake hadi barabarani. Magurudumu yalimwambia palipo na jiwe na palipo na mtaro. Kwa lori hilo alikwenda sokoni, kanisani na hata msibani. Fimbo nyeupe ilibaki nyuma ya mlango.

Tarehe 9 Februari 2024 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakakatika. Wenzake hawakuiacha Alhamisi, wakahamia kando ya kitanda chake na waya wao. Aliashiria lori kubwa liwekwe karibu naye, na kila walipokuja alilipiga boneti kwa mkono wa kushoto, mara mbili, akawageuzia uso akingoja.

"Taa?" Saulosi aliuliza. Wakabadilisha taa. Akapiga tena. Wakafungua magurudumu, wakanyoosha ekseli. Akapiga tena. "Baba, tuambie tu ni wapi," Tamandani alimsihi, akimtajia kila kipande cha lori kimoja baada ya kingine, naye akatikisa kichwa hadi akachoka. Saulosi aliishiwa utani. Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, alilipiga tena asubuhi, na saa nane mchana akakata roho bila sisi kujua lori lake lina ubovu gani.

Jana alifika kutoka Karonga Mzee Jofati Msiska, aliyekuwa utingo wake wa miaka mingi. Tamandani alimwonyesha lori, akamwomba alikague. Mzee Jofati aliliangalia, kisha akauliza marehemu alikuwa akilipiga vipi. Aliposikia, alikaa chini.

"Lori ni zima, mwanangu. Kila tulipotaka kuondoka alipiga boneti mara mbili, maana yake mizigo imefungwa, waageni watu, tunakwenda."

Sisi tulikuwa tukitafuta koleo, kumbe yeye alikuwa akiaga. Kama Mzee Jofati amekosea, hatuna tena wa kumuuliza.

Mzee Lameki ameacha watoto watatu, Tamandani, Wezi na Yoramu, wajukuu saba, shemeji yake Saulosi, na watu wa Alhamisi. Lori litakaa juu ya kaburi, kama mila yetu ya kumwachia marehemu vitu vyake inavyotaka. Kabla jeneza halijashushwa, Tamandani atapiga boneti mara mbili. Baba, sasa tumesikia. Nenda salama, ukapumzike kwake Yeye ambaye hukuhitaji kumweleza.