Marehemu Bouziane Hakkou na Sentensi ya Oktoba 1977

Ndugu, majirani na wanafunzi mliofika leo, siku ya tatu tangu marehemu afariki, mimi ni Boubker, mtoto wa Yamina, dada yake. Haya ninayoyasoma yamechapishwa kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Marehemu aliyapitia mwenyewe mwezi Agosti, isipokuwa habari za siku zake za mwisho na baada yake. Alifuta sifa nyingi, kisha akaniagiza nisipunguze hata neno moja katika habari ya Mimoun Azzou.

Bouziane Hakkou alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 mtaani Zenaga, hapa Figuig, akiwa mtoto wa tatu wa Hakkou Tayeb, mgawa maji wa mtaa, na mkewe Rabha, mfumaji wa mablanketi. Tangu utotoni alikuwa msumbufu wa maneno. Mama yake alisimulia kwamba siku moja alimuuliza, "Una njaa au umeshiba?" Mtoto akajibu, "Ndiyo." Mama akauliza tena, akapata "ndiyo" ileile. "Haya," akasema Bi Rabha, "kaa hapo ule hiyo ndiyo yako, sisi tunakula kuskusi." Alikula baadaye, tena sana, lakini alishikilia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi.

Alisoma chuo cha Kurani cha Zenaga, kisha shule ya msingi hapahapa. Mwaka 1963 alikwenda sekondari Oujda, ambako alilala kwa shangazi yake na kulia kila Ijumaa kwa kukumbuka nyumbani. Mwaka 1968 alijiunga na chuo kikuu Rabat kusomea Kiarabu na elimu ya lugha, akahitimu 1972. Aliporudi likizo, baba yake alimuuliza alikuwa akifundishwa nini huko.

"Jinsi maneno yanavyobeba maana, Baba."

"Na wewe ulikuwa huelewi watu wakisema?"

Marehemu alikiri kwamba swali lile alilichukulia kama mzaha, na kwamba lilimchukua miaka saba kuliona kuwa ni swali la kweli.

Kuanzia 1973 alifundisha sekondari katika mji mmoja wa mashariki. Kwa kuwa alijua vizuri Kiamazighi cha kwetu na Kiarabu cha mahakamani, kila Jumanne alikuwa mkalimani wa mahakama ya mji huo. Jumanne ya tarehe 11 Oktoba 1977 aliletwa mbele ya hakimu Mimoun Azzou, mkulima wa mitende wa Zenaga, aliyeshtakiwa kwamba alimpiga jirani yake Larbi kwa mpini wa jembe hadi akapofuka jicho moja. Larbi alipigwa kwa nyuma, jioni, na hakumwona aliyempiga. Ila watu wote walijua kwamba yeye na Mimoun walikuwa wakigombania maji ya shamba. Mimoun hakujua Kiarabu.

Hakimu aliuliza, "Ulimpiga Larbi kwa sababu ya maji?"

Mimoun akajibu, "Sikumpiga kwa sababu ya maji."

Sentensi hiyo, kwa lugha ya kwetu, ina milango miwili. Anayeisema anaweza kuwa na maana kwamba alimpiga mtu, ila chanzo si maji. Anaweza pia kuwa na maana kwamba hakumpiga kabisa, na maji ndiyo yaliyomzuia. Sauti ikitua kidogo katikati, msikilizaji anajua ni mlango upi. Marehemu alisema kwamba Mimoun alitua. Alimsikia akitua. Lakini ilikuwa kesi ya nne asubuhi ile, na yeye alikuwa anawaza mitihani ya kusahihisha.

Akamwambia hakimu, "Anasema alimpiga, lakini si kwa sababu ya maji."

"Kwa sababu gani basi?"

Mimoun, alipoulizwa sababu, alishangaa. "Si nimeshasema? Maji!"

"Anasema ni maji," akatafsiri marehemu.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Sasa hivi amekana maji, sasa hivi ni maji. Mtu huyu anatuchezea."

Mimoun alifungwa miaka minne.

Novemba 1978, sikukuu ya Kuchinja, marehemu alikuwa hapa nyumbani. Katika mazungumzo akalitaja jina la Mimoun. Mzee Hakkou aliacha kukata nyama.

"Larbi alipigwa jioni ipi?"

Marehemu akaitaja.

"Jioni ile zamu ya maji ilikuwa ya Mimoun. Nilimfungulia mimi mwenyewe, na alikaa mferejini hadi mwisho. Nani anaacha zamu yake akapigane? Akiondoka, zamu haimrudii mpaka siku kumi na mbili nyingine, na mitende inakauka."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Hakuna aliyeniuliza. Nilisikia amefungwa kwa ugomvi, sikujua wa siku gani. Mkalimani alikuwa nani?"

Marehemu alinyanyuka akaenda kunawa mikono, na mzee hakuuliza mara ya pili. Mama yangu, aliyekuwa jikoni siku ile, anasema kaka yake hakugusa nyama, na kesho yake aliondoka na basi la kwanza.

Yanayofuata ndiyo marehemu aliyataka yasikike zaidi. Aliiandikia mahakama barua wiki ileile. Ilikuwa barua nzuri, ya kurasa tatu. Kisha akaiweka kwenye mtoto wa meza. Alikuwa anangoja majibu ya nafasi ya kusomea udaktari wa falsafa, na aliogopa kwamba mtaalamu wa maana aliyekosea maana angechekwa. Alijiambia ataipeleka baada ya majibu kutoka, halafu baada ya mitihani, halafu joto likipungua. Aliipeleka Jumatatu ya tarehe 2 Julai 1979, miezi minane baadaye, akiwa na baba yake kama shahidi. Mimoun aliachiliwa mwezi Septemba. Lakini Aprili ya mwaka huo mkewe, Fadna, alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu, akazikwa mumewe akiwa gerezani. Bintiye Tlaytmas alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Marehemu alikwenda kwa Mimoun siku ya tatu baada ya kutoka. Alikaribishwa, kwa sababu hakuna nyumba ya Zenaga inayomfukuza mgeni. Akaeleza yote, sentensi na barua. Mimoun alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Bwana Bouziane, nikikupa neno utalipeleka nisikokujua. Kunywa chai."

Hakumwambia neno jingine. Kila mwaka, mavuno ya tende yakimalizika, marehemu alirudi, akamiminiwa chai, wakakaa kimya mpaka birika likaisha. Ziara hizo zilikuwa ishirini na tano. Mimoun alifariki Januari 2005.

Marehemu aliacha ukalimani. Tasnifu yake, iliyopita mwaka 1986, ilihusu ukanushaji na sababu katika Kiamazighi cha Figuig, na aliufundisha uwanja huo chuo kikuu Oujda hadi alipostaafu 2011. Kila mwaka alifundisha pia wakalimani wa mahakama, bila malipo. Mmoja wao, Naima, ananikumbusha somo la kwanza.

"Sentensi ikiwa na milango miwili, usimchagulie mtu mlango. Rudi ukamuulize."

"Na hakimu akikasirika, Ustadh?"

"Akasirike. Yeye atalala kwake usiku huo."

Tarehe 8 Agosti 1981 alimwoa Kheira Benamar, muuguzi wa Oujda. Alimweleza habari ya Mimoun kabla ya posa. Bi Kheira alifikiri, kisha akasema, "Miezi minane. Basi mimi usinicheleweshee neno hata siku moja." Akaahidi. Waliishi kwa utani mwingi. Marehemu alikuwa na tabia ya kuuliza kutoka chumbani, "Chai ipo?" Bi Kheira anajibu, "Ipo," na haondoki alipokaa. "Miaka yote hii anafundisha watu kusema," alitulalamikia, "mwenyewe hawezi kusema niletee." Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kudhoofika. Alijua tangu Februari, akamwambia mkewe Juni. Bi Kheira hakupiga kelele. Alisema tu, "Uliniahidi," na marehemu akalia mbele ya watoto. Alisafishwa damu Oujda mara tatu kwa wiki kwa miaka mitatu. Septemba mwaka huu aliomba arudishwe Zenaga. Alifariki Alhamisi, tarehe 10 Novemba 2022, alfajiri, katika chumba alichozaliwa, akiwa na miaka sabini na mitatu. Alizikwa kesho yake baada ya swala ya Ijumaa.

Ameacha mjane, Bi Kheira, watoto wawili, Siham na Tayeb, wajukuu wanne, dada yake Yamina, na wanafunzi ambao hakupenda wahesabiwe.

Sikutaka kuyasoma haya bila idhini. Jana asubuhi nilikwenda kwa Tlaytmas binti Mimoun, nikamsomea mlangoni.

"Soma," akasema. "Lakini usiseme baba alimsamehe. Hakusema hivyo."

"Alisema hakumsamehe?"

Alilifunga upya shungi lake.

"Hapana," akasema. "Hilo pia hakulisema."

Akaniomba niandike yote mawili, nami nimeyaandika. Mola amsamehe Bouziane Hakkou alichokosea na alichochelewesha, amrehemu Mimoun na Fadna wake, na awalaze wote mahali penye utulivu.