Jaribu na Mfumo Uliokataa Kumwachia

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, huyu tuliyemleta hapa wote tulimwita Jaribu. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga. Wa kwanza ni kaka yake anayewasomea haya, mzuri wa sura kuliko yeye, na hilo hata mama yao habishi.

Alianza shule mwaka 1993. Kaka yake aliishia darasa la sita kwa hiari, akamwachia mdogo akili zote za nyumba. Jina alilipata siku alipoifungua redio ya baba, eti "ngoja nijaribu tu." Redio ikawa inaimba stesheni mbili kwa mpigo. Fimbo nazo zikaja mbili mbili.

Alimaliza chuo cha kompyuta 2009, na mwaka uliofuata akaajiriwa na kampuni ya kusambaza dawa. Akawatengenezea tovuti ya kuagizia. Hapo ndipo alipojichimbia shimo, maana kila kipande cha programu alikipa cheo cha ndugu. Cha kuhakiki oda alikiita Shangazi, kwa sababu kinauliza kila kitu mara mbili. Cha ghala alikiita Mjomba: ukikiamsha ghafla, kinasusa. Ofisi nzima ilicheka. Ila kila aliyeletwa kumsaidia alifungua, akakuta Shangazi kamnunia Mjomba, akabeba begi lake akaondoka.

Tarehe 12 Desemba 2014 alimuoa mshonaji nguo. Zana mpya ya kompyuta ikitangazwa asubuhi, jioni Jaribu anaisifia kwa mkewe kama kaleta mchumba. Mke akamjibu kwamba cherehani yake ilikuwa ya bibi, na haijawahi kuomba kusasishwa.

Mwaka 2018 alipata kazi kwingine, kwenye zana mpya tupu. Akaagwa, akakatiwa keki. Wiki haijaisha, mfumo wa zamani ukagoma na hospitali zikashindwa kuagiza. Akarudi kuusaidia kwa siku moja. Hakutoka tena. Aliomba aujenge upya. Bosi akasema kitu kinachotembea hakiguswi. Mkewe alimuuliza kwa nini naye asigome.

"Nikigoma, mama watoto, atakayekosa dawa si bosi."

Ugonjwa wa figo ulimwanza Agosti 2022. Akawa anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mirija mkono huu, kompyuta mkono ule. Ndipo bosi akalainika, akawaleta vijana wawili kitandani wafundishwe ukoo: nani kamzaa nani, nani hasemeshwi kabla ya nani. Wakaanza kuuandika upya, kwa zana alizochagua mwenyewe. Shangazi akaisha. Mjomba alikuwa amefika nusu tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, Jaribu alipofariki hospitalini. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimwambia mkewe, "Nilitaka kutoka kwa miguu yangu."

Ameacha mjane, mabinti wawili, mama yake na kaka yake. Wakubwa wa kampuni mpo hapa, tumewaona na mashada yenu, asanteni. Jumatatu msimtafute. Mwacheni apumzike kwa amani.