Mbuni Wenye Uzi Mwekundu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kinyozi, nimepewa kazi ya kusoma karatasi hii ingawa mengi ya kaka mpaka leo siyaelewi.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akaanza shule mwaka 1959, akahitimu chuo cha kilimo Novemba 1972.

Tarehe 3 Januari 1973 aliajiriwa kituo cha utafiti wa kahawa, ambako kwa miaka thelathini na minane alichukua chavua ya mibuni ya porini, ile ambayo kahawa yake hainyweki lakini haishikwi na ugonjwa wa kutu ya majani, akaipaka kwa brashi kwenye maua ya mibuni ya shambani, kisha akafunga uzi kwenye tawi asije akasahau nani kaolewa na nani, ndiyo maana mlimwita Mzee Uzi. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini asipulizie dawa tu kama watu wengine, akanieleza, nami nikatoka kapa.

Tarehe 18 Agosti 1979 alimuoa shemeji yetu, fundi cherehani, ambaye nyuzi zake ziliyeyuka kila msimu wa maua, wakajaliwa binti mmoja, muuguzi. Alistaafu mwaka 2011, akapanda nyuma ya nyumba miche arobaini, uzao wa mwisho wa kazi yake.

Tarehe 2 Februari mwaka huu alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi, nami nikajitolea kumtunzia mibuni, nikaipulizia dawa kila wiki mbili, naye kitandani akawa ananyoosha kidole dirishani, tukadhani anataka hewa, tukamfungulia dirisha. Alifariki juzi, tarehe 9 Juni, saa kumi na mbili asubuhi.

Hili sasa halimo kwenye karatasi. Juzi hiyohiyo, nikisafisha uwanja, niliona mibuni ina vinyuzi vilivyochakaa, nikaona aibu mbele ya wageni, nikatoa mkasi wangu wa kazi, nikavikata, nikavichoma na takataka. Jana binti yake akafungua daftari, ukurasa wa mwisho unasema yote arobaini ina kahawa tamu, ila ni mmoja tu usioshikwa na kutu, nao ni wenye uzi mwekundu. Maji yakimwagika hayazoleki, na sijui nimwombe nani msamaha.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliolaza wageni wetu, na wafanyakazi wenzake, hasa mama wa maabara, aliyeitazama mibuni leo asubuhi, akasema kwa dawa niliyopiga yote ni mizima na yote inafanana, hivyo tuiache bila dawa, mvua zije, ugonjwa uje, tuone utakaobaki kijani.

Kwa hiyo ile kutu aliyopigana nayo maisha yake yote, ndiyo tunayoingoja ituonyeshe mti wake. Pumzika, kaka, pampu ya dawa nimeiweka chini.