Vigoda Viwili Nyuma ya Msonobari

Reino alipanda basi la wazee kwenda kliniki ya mjini. Wakubwa wa wilaya walifunga hospitali ya karibu, na basi hilo wakalileta mwaka mzima baada ya mkewe, Lempi, kufia njiani akikimbizwa mjini. Pembeni yake alikaa mzee asiyemjua, kofia ya rangi ya chungwa kichwani.

"Msimu wa kuwinda kulungu ndio huo, wiki ijayo," alisema yule mzee. " Mzee mwenzangu, unapanda ulingo mtini au unajibanza chini?"

"Chini, nyuma ya msonobari ulioanguka."

"Chini! Kulungu akinusa kahawa yako anahama jimbo. Mimi nikiwa juu, harufu yangu inampita kichwani."

"Siku ukianguka, bwana, utanuka dawa ya kuchua."

Wakacheka. Reino akamkumbuka Lempi akifuma soksi kwenye kigoda chake pale nyuma ya gogo, akimfinya paja kila kulungu alipotokea. Siku zote Lempi ndiye aliyewaona kwanza.

"Huo ulingo wako unakaliwa na wangapi?" aliuliza.

"Mmoja tu. Wawili wa nini? Kwani wewe unakaa na nani?"

Basi likasimama kliniki. Reino akaokota fimbo yake.

"Bado nabeba vigoda viwili," alisema, akashuka.