Mama wa Kwenye Wimbo

Mbele ya kiti cha Bi Setsuyo, ndani ya treni ya kwenda Matsumoto, walisimama watu wawili wasiojuana: kijana mwenye gitaa mgongoni na mwanamke aliyevaa sare ya duka la dawa. Walikuwa wakibishania bendi ya Kengele za Ukungu kama wanaogombea urithi.

"Wimbo wao mkali ni 'Daraja'," alisema kijana. "Lile gitaa la mwanzo, dada, linakata maini!"

"Kelele tupu! Mimi nipe 'Theluji ya Pili'. Nikiusikia huo, machozi hayaniombi ruhusa."

Bi Setsuyo alitabasamu kichinichini. Tamaki, mwimbaji wa bendi hiyo, alikuwa mwanawe wa pekee, ingawa hawakuwa wakisemezana.

"Huo si wimbo, ni matanga," kijana alicheka. "Si alimtungia mama yake aliyekufa? Kasema mwenyewe redioni."

Bi Setsuyo aliinua uso ghafla. "Alikufa lini?" aliropoka.

"Miaka sita sasa, mama. Wakati wa baridi."

Ilikuwa baridi ileile ambayo Bi Setsuyo alilitupa nje gitaa la Tamaki, likazama kwenye theluji, akamwambia asirudi tena kwake.

"Hata hivyo, 'Daraja' hauna mpinzani," kijana aling'ang'ana.

"Wewe masikio umeazima!"

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mwanamke alikuwa keshageuka kushuka alipouona uso wa Bi Setsuyo.

"Pole, mama. Kwani ulimjua marehemu?"

"Nilidhani namjua," alijibu Bi Setsuyo, na milango ikafunguka.