Chai ya Saa Tisa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Spika. Wakuu wa idara. Wenzetu wa jikoni:

Kitendawili! Tumewasikia wa nyuma wakiitikia "tega", ahsanteni. Mtoto wetu hakui kwa uji, hukua kwa kusomwa mara tatu. Akikwama njiani, tunamzika. Usitupe mji, Mheshimiwa, jibu unalijua kuliko sisi: mswada.

KARIBU

Karibu utufungulie jiko jipya. Bomba linatoa maji ya moto na dirisha linafunguka, jambo ambalo lile la zamani halikulijua. Tungefurahi zaidi ya hapa, ila kicheko cha mfiwa huishia menoni.

TULIKOTOKA

Tuko kumi na wanne. Aliyeandika risala hii ndiye mkongwe wetu, bibi wa darasa la saba, na kanuni za Bunge amezisomea kwenye tundu la kupitishia trei. Mswada husomwa jina, huenda kamati, hurudi kujadiliwa, ndipo hupigiwa kura. Wasipotimia hamsini ukumbini, kengele hulia dakika tano wakatafutwe. Mswada ukikosa akidi mara mbili, umeanguka.

MAFANIKIO

Hatujapasua birika mwaka wa tatu huu. Na sheria yetu ya jikoni tumeishika: kikombe cha mheshimiwa hakionekani kitupu.

CHANGAMOTO

Mwenzetu muosha vyombo, tunayemwita Mama Vikombe, alikuwa na mwana seremala. Polisi walimchukua karakanani siku ya Jumatatu, penseli ikiwa bado sikioni. Alhamisi mama akaitwa kutambua mwili. Kitabu cha kituo hakikuwa hata na jina lake.

Basi ulipokuja mswada wa kurekebisha polisi, unaotaka kila anayekamatwa aandikwe na nduguze waambiwe siku hiyohiyo, mama huyu aliufuata kama mtu aliyelaza mgonjwa.

"Umefika wapi?"

"Uko kamati, dada."

"Kamati bado tu? Wanausoma au wanauatamia?"

Siku hizo bado alikuwa anaweza kutania. Nyuma ya mswada huo ulifuata mswada wa haki ya kura, ili sisi tunaoshinda kazini siku ya uchaguzi nasi tupige kura. Mara ya kwanza yote miwili ilikosa akidi kwa sababu ya mvua. Siku ya pili tuliambiwa chai itoke saa tisa, badala ya saa kumi na nusu kama kawaida. Kengele ikalia. Waheshimiwa thelathini walikuwa mezani kwetu, na kila aliyetaka kuinuka, tulimjazia. "Malizia, baba, itapoa." Mama Vikombe mwenyewe alishika birika, maana mhudumu mmoja alikuwa mgonjwa, naye mama hakujua ukumbini ni zamu ya mswada gani.

Ukumbini walipungua sita. Miswada yote miwili ikaanguka.

Alipoambiwa, aliliweka birika sakafuni, si mezani. Tangu hapo, wiki saba sasa, kila asubuhi anauliza: "Nani aliagiza chai saa tisa?" Mpishi mkuu humjibu, "Osha vikombe, dada." Naye huosha.

MAOMBI

Kanuni inasema mswada ulioanguka haurudi katika mkutano huohuo ila kwa idhini ya Spika. Mkutano unafungwa Ijumaa. Tunaiomba idhini hiyo, kwa miswada yote miwili. Tunaomba pia siku hiyo chai isitoke kabisa. Kiu ya alasiri moja haijaua mbunge.

Mungu akupe uzee mwema, na wanao wote wakuzike wewe, usiwazike wao.

Ni sisi, Wapika Chai na Waosha Vyombo wa Bunge.

NYONGEZA YA ASUBUHI HII

Tulipokuwa tukifunga aproni tuje kukupokea, Mama Vikombe aliuliza tena. Mpishi mkuu alizima jiko, akakaa juu ya gunia la sukari. Ametuambia tuandike alivyojibu, tusipunguze neno:

"Simu ilitoka ofisi ya Spika, dada. Nilinyamaza kwa sababu mimi wangu bado wako hai."